Kumi na Moja

Nimepima vifua vya wanawake wa Ngamiani
miaka ishirini na saba.
Thelathini na sita, arubaini, arubaini na nne.
Wengine hubana pumzi ili niwaandike wembamba,
nami huongeza inchi mbili kimyakimya
maana harusini watakula.

Leo daktari wa Bombo ananisomea namba yangu:
kumi na moja.
Nikauliza, inchi?
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Ni vitamini D, Bi Mwanamkuu, iliyomo damuni mwako.
Walau ingefika thelathini.
Mwili huipata juani, akasema.

Juani! Hapa Tanga!
Jua linalokausha mbata juu ya turubai,
linalopausha kanga mpya ingali kwenye kamba,
jua tunalolikimbia kwa mwavuli, kwa baraza, kwa baibui,
ndilo nililopungukiwa?
Ni kama kuambiwa mchuzi wa kwetu umekosa nazi.

Nikahesabu njia nzima nikirudi.
Cherehani iko chumba cha ndani,
dirisha linatazama ukuta.
Nikitoka, natoka nimejistiri,
mikono yangu ndani ya mikono niliyoishona mwenyewe.
Jua limenijua uso na viganja, basi.

Titi la kushoto lilikwenda mwezi wa Rajabu, Dar es Salaam.
Niliporudi nikafumua magauni yangu sita
nikayapunguza upande mmoja.
Hakuna mteja aliyewahi kuniletea kazi ya namna ile.
Gauni la nne, la samawati, ndilo lililoniliza,
wala si kwa sababu ya titi:
uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha
na duka limefungwa.

Nikipandisha hiyo namba, nilimuuliza, gonjwa halirudi?
Kijana yule wa Muheza hakunidanganya.
Tafiti zimeona, akasema,
wenye nyingi damuni aghalabu hufika mbali zaidi.
Ila kama ni vitamini iliyowafikisha,
au wenye nguvu ndio waliokuwa wakitoka nje,
hilo bado watu wanabishana.
Mifupa yako lakini itashukuru,
kwa hizi dawa unazomeza.
Akaandika vidonge. Chini yake akaandika: jua, robo saa.
Sijapata kuona cheti kilichoandikwa jua.

Uani kwangu jua huingia saa nne
na saa nne na nusu ghorofa ya Bi Mize imeshalificha.
Nikamweleza. Akanitupia ufunguo wa juu kwake.
"Panda, mwenzangu. Kule hakuna mwanamume
isipokuwa tangi la maji."

Nikapanda.
Kati ya shuka zilizoanikwa na ungo wa pilipili
nikakunja nguo hadi mabegani.
Loh, mikono yangu!
Imepauka kama muhogo uliomenywa.
Chini kengele za baiskeli zikipishana,
mtu anauza mkate wa ufuta, anamtukana mbuzi.

Siku ya tatu nilifungua vifungo.
Lile kovu lilikuwa halijaona mchana.
Nikaukagua mshono wa mpasuaji kwa jicho la fundi:
hatua ndefu mno pembeni,
kwapani panavuta,
mwanagenzi wangu angeletewa hivi ningemrudishia.
Lakini umeshika.
Nikaufunika kwa kiganja, nikauachia,
nikaufunika tena, kama mtu anayejaribu pasi.

Juzi nimepimwa upya: kumi na tisa.
Sikubana pumzi.

"Wanasemaje?" Bi Mize aliuliza, kakaa kwenye ngazi
na beseni lake la nguo mbichi.
Nimeongezwa inchi nane, nikamwambia,
harusi yenyewe sijui ya lini.
Akanyamaza. Akainuka kuanika.
Nikamwambia, dada, hiyo shuka isogeze,
unanizibia.